Maporomoko hayajui mpaka: Jumuiya ijifunze nini kwa watabiri wa theluji wa Ulaya

Mei 4, 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio katika kijiji cha Nyamukubi, eneo la Kalehe, Kivu Kusini. Watu walikuwa wamekusanyika kuuza na kununua pale mvua kubwa ilipopiga milima iliyo juu ya Ziwa Kivu. Mito ikavunja kingo, na tope lililochanganyika na mawe likashuka juu ya Nyamukubi na kijiji jirani cha Bushushu, vyote viwili vikiwa upande wa magharibi wa ziwa, kwenye ukanda wa barabara ya Bukavu kwenda Goma. Watu zaidi ya 400 walipoteza maisha.

Siku moja tu kabla yake, usiku wa Mei 2 kuamkia Mei 3, mvua za msimu huo huo zilikuwa zimeua watu zaidi ya 130 ng'ambo ya ziwa hilo hilo, katika wilaya za Rubavu, Rutsiro, Karongi, Ngororero na Nyabihu nchini Rwanda. Kati ya Karongi na Kalehe kuna ziwa tu. Lakini kati ya idara zinazotazama mawingu ya pande hizo mbili kuna mpaka wa nchi, na hakukuwa na taarifa moja ya pamoja iliyomwambia mchuuzi wa Goma, dereva wa Musanze au mama wa Bukavu: milima ya pande zote mbili imelowa, hatari ya leo ni ya kiwango hiki, njia hizi ziepukwe.

Hilo ndilo pengo ambalo Jumuiya ya Afrika Mashariki haijaliziba. Bidhaa zinavuka mpaka kwa vyeti vya pamoja na ushuru wa pamoja, ila onyo la mlima bado linaishia kwenye kizuizi cha forodha.

Barabara zilizojengwa juu ya hatari

Sehemu kubwa ya biashara ya kanda hii hupita milimani. Viazi vya Musanze hushuka kwa barabara ya Kigali–Musanze–Rubavu kabla ya kuingia Goma. Mzigo wa Uganda kwenda Kigali hupanda vilima vya Kabale hadi Gatuna, na wa Kisoro hupita kwenye kona za milima ya Kigezi. Kutoka Bujumbura, barabara ya kuelekea Rwanda huanza kwa kupanda ukuta wa milima hadi Bugarama. Mahindi ya Kitale yanayokwenda Lodwar na kuendelea hadi mpaka wa Sudan Kusini hupita Kapenguria na bonde la Ortum. Kuzunguka Mlima Elgon kuna vituo vya mpakani vya Lwakhakha upande wa kusini na Suam upande wa kaskazini, ambako barabara ya Kapchorwa–Suam–Kitale imejengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika ili kufungua njia ya pili kati ya Uganda na Kenya.

Karibu kila moja ya njia hizo ina kumbukumbu yake ya msiba. Machi 1, 2010 udongo wa Elgon ulifunika Nametsi, wilayani Bududa. Miili iliyopatikana ilikaribia 100, na watu wengi zaidi hawakuonekana tena. Mlima huo huo uliua tena Bududa mwezi Oktoba 2018, na Bulambuli mwezi Novemba 2024. Mei 2016 wilaya ya Gakenke nchini Rwanda iliporomoka na barabara ya Kigali–Musanze ikakatika. Novemba 2019 vilima vya Pokot Magharibi viliua watu zaidi ya 40 na maji yakabeba madaraja, hata magari ya kwenda Lodwar yakakwama. Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya Cibitoke, Burundi. Desemba 3, 2023 tope kutoka Mlima Hanang lilijaa mji wa Katesh, kwenye barabara ya Babati kwenda Singida ambayo mizigo ya Arusha huitumia kufikia ukanda wa kati wa Tanzania, na watu zaidi ya 80 wakafa.

Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025 zamu ilikuwa ya Chesongoch, Marakwet Mashariki, Kenya, ambako watu zaidi ya 20 walifunikwa na udongo. Siku hizo hizo, upande wa Uganda, maporomoko yaliua watu wilayani Kween. Kwa mara nyingine mvua moja iliua katika nchi mbili, na kila nchi ilitoa taarifa yake.

Theluji na tope ni ndugu

Ulaya ina kitu kinachofanana na tope hilo kuliko watu wengi wanavyodhani: maporomoko ya theluji. Kufanana huko kunastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu wenzetu wa milima ya Alpi wamelishughulikia tatizo hili kwa karibu miaka 90. Taasisi ya Uswisi ya utafiti wa theluji ilianza kazi zake mjini Davos na kwenye mlima wa Weissfluhjoch tangu miaka ya 1930.

Theluji haidondoki kutoka mlimani kwa bahati mbaya. Inalala kwa matabaka, kila tabaka likiwa limeletwa na dhoruba yake. Tabaka moja likiwa dhaifu, kama mchanga mkavu chini ya zulia, zulia lililo juu yake linasubiri uzito wa ziada tu. Uzito huo unaweza kuwa theluji mpya, theluji iliyosombwa na upepo au mtu mmoja anayepita. Sehemu kubwa ya maporomoko ya aina hii hutokea kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Ajali nyingi zinazowaua wasafiri wa milimani huanzishwa na wasafiri wenyewe au wenzao.

Udongo hufuata kanuni inayokaribiana na hiyo. Juu kuna udongo mzito, mara nyingi ule wa volkano wenye rutuba unaovuta wakulima hadi kileleni. Chini kuna mwamba au tabaka la mfinyanzi lisilopitisha maji. Mvua ya siku nyingi hujaza nafasi zote kati ya chembe za udongo, maji hayo husukuma chembe zisishikane, na mteremko uliosimama miaka 50 unakosa kitu cha kujishikilia. Mvua ya jioni moja huja tu kukamilisha kazi ya wiki tatu. Binadamu naye huongeza uzito wake: anakata miti ambayo mizizi yake ilifunga udongo, anachimba kiwanja cha nyumba kwenye mteremko, au mkandarasi anakata mguu wa kilima ili barabara ipite.

Kwa hiyo, kwa theluji na kwa tope, swali la mvua au theluji ngapi leo ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni hali ya kilichokwisha kulala mlimani. Utabiri wa kawaida wa hali ya hewa hujibu nusu ya kwanza. Msafiri anauawa na nusu ya pili.

Ngazi tano na mtego wa ngazi ya tatu

Mwaka 1993 huduma za Ulaya zinazotoa tahadhari za maporomoko ya theluji zilikubaliana kutumia kipimo kimoja cha ngazi tano. Ngazi ya 1 ni hatari ndogo, ya 2 ni ya wastani, ya 3 ni ya kutia wasiwasi, ya 4 ni kubwa na ya 5 ni kubwa sana. Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na maneno yake, na mtu aliyevuka mpaka alilazimika kujifunza upya maana ya onyo.

Taarifa ya kila siku haiishii kwenye namba. Inaeleza hatari iko kwenye miteremko inayotazama upande gani, kuanzia kimo gani, na inasababishwa na nini: theluji mpya, upepo, tabaka dhaifu la zamani au joto linaloyeyusha. Mtu akishasoma, anajua njia ipi aiache na ipi bado inapitika. Hapo ndipo taarifa hiyo inapomfaa mfanyabiashara, kwa sababu haimwambii akae nyumbani msimu mzima.

Takwimu za Uswisi zimefunza jambo ambalo maofisa wa kanda hii wangelitazama. Vifo vingi zaidi havitokei katika ngazi ya 4 wala ya 5. Hutokea katika ngazi ya 3. Hatari inapokuwa kubwa sana barabara hufungwa na watu huogopa. Katika ngazi ya 3 anga inaweza kuwa safi, barabara iko wazi, na mtu mwenye haraka anajiambia kuwa jana alipita salama. Dereva yeyote aliyewahi kuendesha usiku kupitia Gakenke au Ortum katikati ya masika anaielewa hesabu hiyo: mvua imekatika saa mbili zilizopita, nyanya zinaiva ndani ya lori, na soko la asubuhi halimsubiri mtu.

Ulaya yenyewe haikufika hapo bila kulipa. Februari 1999 ilileta theluji nyingi kupita kiasi katika Alpi. Tarehe 9 Februari nyumba za Montroc, karibu na Chamonix nchini Ufaransa, zilifunikwa na watu 12 wakafa. Mwaka 2003 mahakama ilimtia hatiani meya wa mji huo kwa kutowahamisha wakazi mapema. Tarehe 23 Februari ilikuwa zamu ya Galtür, Austria, ambako watu 31 walikufa, na siku iliyofuata wengine saba wakafa katika kitongoji cha Valzur. Barabara ya bonde hilo ilikuwa imefungwa kwa siku kadhaa, kama sheria ilivyotaka. Lakini theluji ilifika kwenye nyumba ambazo ramani zilisema ziko salama, kwa sababu ramani zilichorwa kwa kumbukumbu za maporomoko yaliyopita. Baada ya hapo ramani zilichorwa upya, kuta za kuzuia theluji zikajengwa, na fedha za utabiri zikaongezwa.

Onyo la Galtür linafika hadi Elgon. Mteremko ambao haujawahi kuporomoka haujathibitisha kuwa hautaporomoka.

Mikoa mitatu, nchi mbili, taarifa moja

Kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfano ulio karibu zaidi ni wa Tirol, Südtirol na Trentino. Tirol iko Austria. Südtirol na Trentino ziko Italia. Lugha ni Kijerumani na Kiitaliano. Kwa miaka mingi kila mkoa ulitoa taarifa yake ya theluji kwa mtindo wake, na msafiri aliyevuka kilele kimoja aliweza kukuta hatari imebadilika ngazi kwenye mpaka, ingawa theluji ilikuwa ile ile.

Tangu msimu wa baridi wa 2018/19 mikoa hiyo mitatu hutoa taarifa moja. Watabiri wa kila upande huzungumza kila siku, hulinganisha walichokiona, na hukubaliana kabla ya kuchapisha. Taarifa hutoka saa 11 jioni, kwa ajili ya kesho yake, kwa Kijerumani, Kiitaliano na Kiingereza. Eneo lote limegawanywa katika sehemu ndogo ndogo ambazo huunganishwa kila siku kufuatana na hali ya theluji. Siku moja mstari wa hatari unaweza kupita katikati ya Südtirol, siku nyingine ukakumbatia mabonde ya nchi mbili pamoja.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni saa. Taarifa inayotoka jioni inamkuta mtu kabla hajafunga mzigo. Onyo linalotoka saa nne asubuhi linamkuta dereva tayari yuko kwenye kona. La pili ni kwamba hakuna mkoa uliopoteza mamlaka yake. Kila upande una wataalamu wake, vituo vyake vya kupima na uwezo wa kufunga barabara zake. Walichounganisha ni kauli tu.

Tulichonacho hapa

Kanda hii haianzi sifuri. Ibara ya 100 ya Mkataba wa kuanzisha Jumuiya inazitaka nchi wanachama kushirikiana katika huduma za hali ya hewa. Kituo cha ICPAC nchini Kenya, kilicho chini ya IGAD, hutoa utabiri wa msimu na tahadhari kwa nchi 11 za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, zikiwemo Rwanda, Burundi na Tanzania ambazo si wanachama wa IGAD. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari kwa ngazi tatu ambazo wananchi wamezizoea: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Meteo Rwanda, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, mamlaka ya Uganda na taasisi ya IGEBU ya Burundi nazo hutoa taarifa zao.

Lakini kuna mashimo matatu.

Shimo la kwanza ni ramani ya wanachama. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, ila haimo katika nchi 11 za ICPAC. Soko ambalo wafanyabiashara wa Uganda, Rwanda na Burundi wanalitegemea sana liko nje ya meza ya watabiri. Hali imekuwa ngumu zaidi tangu Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa kundi la M23 Januari na Februari 2025. Wananchi wa Kalehe wanahitaji onyo la mvua bila kujali nani anakusanya ushuru barabarani, lakini kupata vipimo kutoka eneo la vita ni kazi nyingine kabisa.

Shimo la pili ni aina ya taarifa. Utabiri husema mvua kubwa inatarajiwa mkoa fulani au wilaya fulani. Mara chache husema udongo umekwisha kulowa kiasi gani, au kipande gani cha barabara kiko chini ya mteremko hatari. Mfanyabiashara hasafiri wilayani, anasafiri barabarani.

Shimo la tatu ni lugha na njia ya kufikisha. Taarifa iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu au Kifaransa, ikawekwa kwenye tovuti kama waraka mzito wa kurasa nyingi, haimfiki mama anayevuka mpaka mdogo wa Goma na beseni la mboga kichwani. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya tangu Wakuu wa Nchi walipoamua hivyo, na ndicho kinachozungumzwa na dereva, utingo, wakala wa forodha na askari wa kizuizini kutoka Mombasa hadi Bukavu.

Kwamba inawezekana kumethibitishwa majini. Kupitia mradi wa HIGHWAY, ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria zilianza kutoa utabiri wa ziwa kwa kanda zake, ukieleza upepo, mawimbi, mvua na radi kwa lugha ambayo mvuvi anaielewa, na kuusambaza kwa redio na kwenye mialo. Watabiri wa nchi hizo walijenga utaratibu wa kushauriana. Kilichofanyika kwa mtumbwi kinaweza kufanyika kwa lori.

Hasara isiyoandikwa popote

Barabara ikifungwa, taarifa za serikali huhesabu waliokufa, nyumba zilizobomoka na madaraja yaliyosombwa. Mtaji wa mchuuzi hauhesabiwi. Nyanya na ndizi zikikaa siku mbili barabarani, mwenye nazo anarudi nyumbani na deni la kikoba na mifuko mitupu. Mkopo wake hautambui maporomoko.

Mwenye lori la mizigo ya kupita ana tatizo la ziada. Mzigo unaovuka nchi bila kulipiwa ushuru hufungwa lakiri ya kielektroniki na kufuatiliwa na mamlaka za mapato kwa mfumo wa pamoja ulioanzishwa na Kenya, Uganda na Rwanda. Gari likiacha njia iliyoidhinishwa, mfumo hupiga kengele. Ni utaratibu mzuri wa kuzuia mizigo isimwagwe njiani. Lakini kilima kikiziba barabara, dereva anabaki kati ya mambo mawili: asubiri kwenye foleni chini ya mteremko ambao bado unatiririka, au azunguke kwa njia nyingine na kuanza kujieleza kwa forodha. Wengi huchagua kusubiri, na kusubiri chini ya mteremko uliokwisha kuanguka mara moja ndiyo hatari kubwa kuliko zote.

Ushahidi wa hilo uko Gofa, kusini mwa Ethiopia. Julai 2024 mteremko ulifunika nyumba, majirani wakakimbilia kuokoa, na asubuhi ya Julai 22 mteremko ukaanguka mara ya pili juu ya waokoaji. Watu zaidi ya 200 walikufa. Njia ya Salang nchini Afghanistan, inayounganisha Kabul na masoko ya Asia ya Kati, ilitoa somo hilo hilo kwa theluji mwezi Februari 2010: maporomoko yaliyofuatana yalifunika magari na mabasi yaliyokwama barabarani na kuua watu zaidi ya 160. Foleni iliyokwama mlimani ni mkusanyiko wa watu mahali pabaya.

Bima nayo haisaidii kama wengi wanavyodhani. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo magari mengi yanayovuka mipaka hubeba, inahusu madhara kwa watu wengine na matibabu ya walio ndani ya gari. Haifidii mzigo uliooza wala shehena iliyofunikwa na tope. Mwenye mzigo asiyenunua bima ya shehena mwenyewe hana bima.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kuwa taarifa ya pamoja ya milima ni anasa ya nchi tajiri. Hoja hiyo ina uzito. Uswisi ina vituo vya kupima theluji vinavyojiendesha milimani kote na waangalizi waliofunzwa. Elgon na Kivu hazina vituo vya kutosha, na rada za hali ya hewa ni chache. Hata hivyo sehemu ya gharama imekwisha kulipwa. Picha za setilaiti za mvua hupatikana, watabiri wapo, na mamilioni ya simu yako mikononi mwa watu. Waangalizi wa theluji huko Alpi wengi ni wakazi wa kawaida wanaopima kila asubuhi na kutuma namba. Mwalimu wa shule wa Bududa mwenye kipimo cha mvua cha plastiki na simu anaweza kufanya kazi hiyo hiyo.

Wengine wataogopa onyo la uongo. Barabara ikifungwa mara tano bila kitu kuanguka, mara ya sita watu watapita. Hofu hii ni ya kweli, na ndiyo sababu ngazi tano ni bora kuliko ndiyo au hapana. Ngazi ya 3 haifungi barabara. Inamwambia dereva asipite usiku, asiegeshe chini ya kingo zilizokatwa, na asifuatane kwa karibu na gari la mbele.

Lipo pia suala la uwajibikaji. Afisa akitoa onyo, atalaumiwa kwa biashara iliyosimama. Asipotoa, mara nyingi hakuna wa kumlaumu. Chamonix ilionyesha upande wa pili wa mizani hiyo. Maadamu kunyamaza hakuna gharama, kunyamaza kutaendelea kuwa uamuzi rahisi ofisini.

Kinachoweza kufanyika kabla ya masika

Hatua ya kwanza haihitaji mkataba mpya. Idara za hali ya hewa za nchi mbili zinazopakana, kwa mfano Uganda na Kenya kwa Elgon, zinaweza kukubaliana kutoa kauli moja kila jioni wakati wa mvua, kwa ngazi zile zile na kwa Kiswahili, ikitaja barabara kwa majina: Kapchorwa–Suam, Mbale–Bududa, Kitale–Lodwar. Kauli hiyo ikibandikwa kwenye vituo vya pamoja vya mpakani na kusomwa redioni, itamfikia anayehitaji. Ikifanya kazi Elgon, mabonde ya Kivu na Kigezi yatakuwa na mfano wa kuiga.

Hatua ya pili ni ya mamlaka za mapato: ngazi ya hatari ikifika 4, njia mbadala ifunguliwe ndani ya mfumo wa kufuatilia mizigo bila dereva kuomba, na muda wa mzigo kukaa njiani uongezwe. Vyama vya wafanyabiashara na wasafirishaji vina sauti ya kulidai hili, kwa kuwa hasara ni yao.

Hadi hapo, mwenye safari anabaki na macho yake. Zipo dalili ambazo wakazi wa milimani wanazijua na wageni hupita bila kuziona. Nyufa mpya kwenye mteremko au kwenye lami. Miti na nguzo za umeme zilizoanza kuinama upande mmoja. Chemchemi iliyokuwa safi ikitoa maji ya tope. Vijiwe vinavyodondoka kimoja kimoja barabarani. Kubwa kuliko zote ni mto unaopungua ghafla ilhali mvua bado inanyesha: maana yake mara nyingi ni kwamba udongo umeuziba juu, na maji yanajikusanya. Daraja la mto kama huo halivukwi, na watu wa bondeni wanapaswa kuambiwa wapande juu mara moja.

Mahali pa kusubiri ni nyuma kabisa, penye tambarare, mbali na mkondo wa mto na mbali na ukingo uliokatwa. Safari ya mchana ni bora kuliko ya usiku, kwa kuwa mchana dereva huona kinachoshuka. Simu moja kwa mwenzake aliyeko upande wa pili wa mlima, kabla ya kuwasha injini, ina thamani kuliko utabiri wa nchi moja pekee, kwa sababu mvua iliyonyesha kwake jana inaweza kuwa ndiyo inayojaza mto atakaouvuka leo.

Wachuuzi wa mipakani wameanza kufanya hivyo wenyewe, kwa vikundi vya WhatsApp vinavyotaja barabara iliyoziba na daraja lililopasuka. Wameunganisha taarifa kabla ya serikali zao. Swali kwa mawaziri wa Jumuiya wanaohusika na uchukuzi na hali ya hewa ni kwa nini kazi hiyo iachwe kwa watu wenye mzigo unaooza na chaji inayokaribia kuisha, wakati mvua za Machi hadi Mei hurudi kila mwaka kwa tarehe zinazojulikana.